Mti wa Makadamia na Spika Iliyokufa

Kazi yangu ni kelele. Mtu akioa, akifa, akiokoka au akigombea udiwani katika pande hizi za Runyenjes, huniita nije na jenereta, mikrofoni na spika zangu za mbao, nami nahakikisha kwamba hata wale ambao hawakualikwa wamesikia kila neno. Jina langu ni Salesio Mugendi. Sitaki mtu yeyote afikiri kwamba nilikuwa na akili ya sayansi iliyojificha mahali, ikingoja siku yake. Shuleni fizikia ilinikataa mapema. Mwalimu alituambia tuunganishe betri, waya na balbu. Balbu za wenzangu ziliwaka. Yangu ilitoa moshi. Mwalimu aliiinamia akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwa upole kwamba kuna somo linaitwa Biashara.

Basi huyo ndiye mtu aliyekuja kutangaza ugunduzi redioni.

Mambo yalianza siku mke wangu, Gladwell, alipozifukuza spika nyumbani. Nilikuwa na mazoea ya kuzijaribu sebuleni kila Ijumaa kabla ya harusi, na Ijumaa moja vikombe vilicheza ngoma kabatini hadi vikaanguka. Gladwell alikuja kutoka jikoni akiwa na mwiko mkononi.

“Baba Karimi,” akasema (Karimi ni binti yetu wa kwanza, na nikiitwa hivyo kwa sauti ile najua sina kesi), “hizi vitu zako zitoke kwa nyumba yangu. Leo.”

Nyuma ya jikoni tulikuwa na mti wa makadamia. Nikazipandisha spika mbili humo, nikazifunga kwa kamba kwenye matawi na kuziwekea vipande vya bati juu ili mvua isizinyeshee. Nilijiambia kwamba nimepata mahali pazuri zaidi: sauti ingefika barabarani, na kila apitaye angejua fundi anaishi hapa.

Moja ya spika hizo ilikuwa mgonjwa. Niliwahi kuipeleka Siakago, kule chini Mbeere, kwa mkutano wa injili. Gari likaharibika, nikaiacha kwa shemeji yangu, ikakaa kwenye ghala lake la mahindi msimu mzima. Nilipoirudia, ilikuwa nzito kuliko nilivyoikumbuka, na nikiiwasha ilitoa sauti ya mtu anayehubiri akiwa na ugali mdomoni. Fundi wa kweli angeifungua aone kuna nini. Mimi nilikata kauli kwamba imeingia maji, nikaipandisha mtini ikauke kwa upepo. Baada ya muda si mrefu ikanyamaza kabisa. Sikuiteremsha, kwa sababu kuiteremsha kulihitaji ngazi, na ngazi ilikuwa ya jirani yangu Mutugi, ambaye huazimisha kitu chake pamoja na maswali.

Sasa mti wenyewe. Ulikuwa mti wa maringo. Kila mwaka ulitoa maua mengi, ile mikia mirefu myeupe inayoning'inia, ukatupa matumaini, kisha maua yakapukutika na tukavuna njugu za kujaza kofia. Miti yetu mingine kule chini shambani ilikuwa na tabia hiyo hiyo. Lakini mwaka uliofuata baada ya spika kupanda, mti wa jikoni ulizaa hadi tawi likavunjika kwa uzito. Ile mingine ikabaki vile vile.

Nilisimama chini yake nikainua macho, nikaona spika. Nasema ukweli, sikufikiri hata hatua moja zaidi ya hapo.

“Ni muziki,” nikamwambia Gladwell.

“Muziki umefanya nini?”

“Umezalisha mti. Umesikia nyimbo mwaka mzima. Zimetikisa maua, yakashika.”

“Hata mimi nimezisikia mwaka mzima,” akasema Gladwell, “na sijazaa chochote.”

Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi nina mikrofoni kwenye damu. Kuna kipindi cha wakulima katika redio moja ya lugha yetu, na wasikilizaji hupiga simu. Nikapiga. Nilieleza habari ya mti, spika na tawi lililovunjika, na nadhani nilieleza vizuri, maana mtangazaji aliacha kunikatiza, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu. Mwishoni akauliza, “Na ni nyimbo za aina gani, mzee?”

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo.

“Tenzi za kanisani,” nikasema. “Zile za polepole kwa miti michanga. Mti ukikomaa unaweza kuuongezea ngoma.”

Mpaka leo sijui maneno yale yalitoka wapi. Lakini yalitoka kwa uhakika, na uhakika ndiyo bidhaa ninayouza.

Wiki hiyo simu yangu haikupoa. Mtu mmoja wa Mitunguu aliuliza kama ndizi nazo zina masikio. Mama mmoja alitaka kujua kama nyimbo za Kikatoliki zingefaa miti iliyopandwa na baba mkwe wake wa Presbiteri. Nikawajibu wote. Kisha akaja Mutugi mwenyewe, mwenye ngazi, akiwa amemshika jogoo miguu. Mutugi ana mstari mrefu wa makadamia kando ya shamba lake la kahawa, na ni mtu makini, mzee wa kanisa, asiyecheka ovyo.

“Nataka uje uipigie yangu,” akasema.

Maua yalipotoka, nikateremsha spika nzima, ile inayoimba, nikaipeleka kwa Mutugi. Ile iliyokufa nikaiacha juu ya mti wangu. Kila asubuhi nilienda kuwasha tenzi. Niliipigia mpaka ng'ombe wa Mutugi akaanza kupiga ndoo teke. Msimu wa mavuno ulipofika, miti ya Mutugi ilikuwa na njugu kama kawaida yake, yaani karibu hakuna. Mti wangu wa jikoni, ambao haukuimbiwa hata ubeti mmoja msimu ule, ukazaa zaidi ya mwanzo.

Mtu yeyote mwenye kichwa angekaa chini hapo akafikiri upya. Mutugi alikuja kunidai jogoo wake, ambaye tulikuwa tumeshamla, akasimama chini ya mti wangu akitazama mizigo ya njugu.

“Huu umeimbiwa na nani?” akauliza.

“Hakuna. Lakini unakumbuka.”

“Unakumbuka nini?”

“Nyimbo za mwaka juzi.”

Mutugi alinitazama kama vile mwalimu wa fizikia alivyoitazama ile balbu. Kisha akaenda zake, na kwa miezi kadhaa hatukuazimana hata kiberiti.

Hapo ndipo Kendi alipokuja. Alikuwa msichana wa Ruiri, upande wa Meru, mwenye kofia pana na viatu vilivyojaa udongo mwekundu, akisoma shahada ya pili chuoni. Alishuka kwenye bodaboda karibu na jikoni akasalimia kwa heshima, nami nikafikiri amekuja kukodi mitambo ya harusi.

“Hapana, mzee. Nimekuja kuona mti.”

Nikamwita Daktari. Akasema si daktari bado, na kwa jinsi utafiti wake unavyokwenda huenda asiwe. Alikuwa anatafuta kujua kwa nini makadamia katika miteremko hii hutoa maua mengi na kuzaa kidogo. Misimu miwili alikuwa amekaa chini ya miti ya watu kule Imenti akihesabu nyuki, na hesabu zake hazikumwambia kitu. Shamba lenye nyuki wengi na shamba lenye nyuki wachache yalizaa karibu sawa. Siku moja akiwa hotelini mjini Embu, anakula githeri, redio ikarudia kile kipindi changu.

“Nilicheka, mzee, nisamehe. Nilicheka mpaka watu wa meza zingine wakageuka. Halafu nilipomaliza kucheka nikajiuliza: huyu mtu amekosea sababu, sawa. Lakini je, amekosea pia kuhusu mti? Kwa nini mtu adanganye ati tawi limevunjika?”

“Sijakosea sababu,” nikasema.

“Basi tuujaribu muziki wako. Ukishinda, mimi mwenyewe nitaandika umeshinda.”

Nilimpenda hapo hapo. Ilikuwa mara ya kwanza mtu mwenye elimu kuuchukulia upuuzi wangu kwa uzito wa kutosha kuupinga.

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi hata mimi nikalielewa. Maua yalipokaribia kufunguka, Kendi alimwomba Gladwell chandarua cha zamani, akakikata, akayafunika baadhi ya matawi na mengine akayaacha wazi. Mimi nikarudisha spika nzima mtini, safari hii kwenye tawi la chini nililolifikia bila ngazi, na kuupigia mti wote tenzi bila upendeleo. Kama ni muziki unaozalisha, akasema Kendi, chandarua kinazuia wadudu, hakizuii sauti; matawi yote yatazaa. Nililala usingizi mzuri sana siku hizo. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria suti.

Kendi akakaa chini ya mti na kiti chetu cha plastiki, akihesabu. Nyuki wa asali walikuja, lakini wachache, na wengi walipita kwenda kwenye maua ya jirani. Kilichomsumbua ni vijidudu fulani vidogo vyeusi, vijinzi visivyo na haya, vilivyomwingia machoni na kwenye nywele akianza kutoka jasho. Alivifukuza kwa kofia siku nzima. Gladwell alivitoa kwenye chai kwa kijiko. Mimi niliwaambia wote wawili kwamba vinzi hivyo vilikuja na ng'ombe wa Mutugi.

Kisha ikasikika kwamba mhadhiri wa Kendi atakuja kutembelea. Mimi nikaona aibu. Mtu wa chuo kikuu aje anikute na spika mbili, moja maiti? Nikajipa moyo, nikaenda kwa Mutugi kuomba ngazi. Aliposikia kuna mhadhiri, uhusiano wetu ukapona papo hapo. Akaibeba ngazi mwenyewe na kuja kuishika.

Nikapanda. Nikafungua kamba. Nilikuwa nimesahau uzito wa ile spika, na nadhani ilikuwa imezidi kunenepa. Ilinivuta. Nakumbuka Mutugi akisema, “Salesio, pole pole,” na ninakumbuka kuona bati likipita karibu na sikio langu. Mimi niliangukia rundo la majani ya ng'ombe. Spika iliangukia ardhi, ubao wa nyuma ukabanduka, na kutoka ndani lilitoka wingu la vile vinzi vyeusi. Viliniingia masikioni, puani, kwenye ndevu, ndani ya shati. Nikapiga kelele bila mikrofoni.

“Nzi! Nzi wamejenga ndani ya spika yangu!”

Kendi alikuja mbio kutoka upande wa pili wa mti. Nikamnyoshea mkono aniinue. Aliniruka. Naomba lieleweke vizuri: msichana yule aliruka juu ya mwili wangu kama mtu anayevuka mtaro, akapiga magoti mbele ya spika.

Ndani mlikuwa mmejaa. Ile karatasi ya duara inayotoa sauti ilikuwa imefunikwa na gundi nyeusi. Nyuma yake kulikuwa na vikombe vidogo vya nta ya kahawia, vimeshikana kama matunda ya kahawa kwenye tawi, na vingine vilikuwa vimepasuka vikimwaga maji mazito. Kendi alichovya kidole, akalamba. Akampa Mutugi naye akalamba. Mimi nilikuwa bado kwenye majani.

“Ni asali,” akasema Mutugi. “Lakini kama imetiwa ndimu.”

Kendi alikaa chini udongoni na suruali yake safi. “Hawa si nzi,” akasema taratibu. “Ni nyuki wasiouma. Nimewasoma. Nimewaona kwenye picha. Nilijua wako kule chini kwenye joto, sikufikiri naweza kuwakuta huku juu penye majani chai.” Akashika kichwa. “Na kule Imenti niliwaona kwa shamba moja au mawili! Karatasi zangu zote nimewaandika nzi. Misimu miwili nawapiga na kofia!”

Nikadhani atalia. Akaanza kucheka, cheko la mtu aliyetafuta miwani yake nyumba nzima kumbe ameivaa. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyewabeba kutoka ghala la shemeji yangu Siakago, nikawapa nyumba, nikawapandisha kwenye mti wenye maua, nikawakinga na mvua kwa bati, kisha nikaliita tendo hilo maji yaliyoingia kwenye spika, nikacheka pia, japo mbavu ziliniuma.

Tulirudisha ubao, tukaufunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli na kuziba nyufa kwa udongo. Mutugi ndiye aliyepanda kuirudisha, maana mimi nilikuwa nimepoteza haki ya kupanda. Siku chache baadaye walikuwa wameshajenga upya kijimrija cha nta mlangoni mwao na wanaingia na kutoka kama hakuna kilichotokea. Mhadhiri alipokuja, alisimama chini ya ile spika muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya spika yangu ikiwa inafanya kazi.

Miezi ilipita, njugu zikajaa. Kendi akarudi tukafungua chandarua. Ndani yake mlikuwa na njugu za kuhesabu kwa vidole, na tawi lenye chache kuliko yote lilikuwa lile lililokuwa mdomoni mwa spika nzima, lililoimbiwa asubuhi hadi jioni. Matawi ya wazi yalikuwa yameinama.

“Kwa hivyo muziki haukufanya kitu,” nikasema.

“Haukufanya, mzee.”

“Hata kidogo?”

Kendi alifikiri kwa haki, kama ilivyo desturi yake. “Labda uliwasumbua nyuki.”

Sitasema sikuumia. Nilikuwa nimezoea nadharia yangu kama mtu anavyozoea jino bovu. Nikamwuliza basi mimi nimesaidia nini, ukiacha kuanguka. Akaniambia jambo ambalo bado nalitafakari. Alisema kama ningekuwa na busara ningenyamaza, na kama ningenyamaza asingekuja. Kama ningekuwa fundi hodari ningeifungua spika kule Siakago na kuwafagia nje. Na yeye, kama asingekuwa amekwama kwenye utafiti wake, angecheka tu, amalize githeri yake, aende zake. “Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anatafuta hawa,” akasema. “Lakini ilibidi mtu awe anatafuta kitu.”

Mti mmoja, hata hivyo, haukumtosha. Alipata mzee mmoja wa Mbeere anayefuga nyuki wale kwenye magogo, wakaleta masanduku machache hadi kwa Mutugi, wakayaweka mwanzo wa mstari wake wa makadamia. Miti iliyo karibu na masanduku ilizaa vizuri, ile ya mbali ikaendelea na maringo yake. Mutugi aliniletea kikapu cha njugu na hakutaja jogoo. Si kila mahali mambo yalikwenda sawa. Kule kwao Ruiri walijaribu, baridi ya Julai ikawaua nyuki wote, na Kendi alinipigia simu akiwa na sauti ya mtu aliyefiwa. Sasa anajaribu masanduku yenye mbao nene. Hajui kama yatafaulu, na huwa anasema hivyo waziwazi, “sijui”, neno ambalo mimi katika biashara yangu sijawahi kulitumia mbele ya mteja.

Kuhusu redio, nilirudi kusahihisha. Nilidhani ndilo jambo la kiungwana. Nilieleza kwamba nilikosea, kwamba si muziki bali ni nyuki, na jinsi tulivyojua. Simu ya kwanza ilitoka kwa mama wa Kianjokoma.

“Wewe mzee usituchanganye,” akasema. “Mimi napigia yangu tenzi za polepole na inazaa vizuri sana.”

Nikamwuliza kama karibu na mti kuna mzinga au gogo lenye tundu. Akasema hiyo hainihusu, akakata. Nimempa Kendi jina la kijiji chake. Siku moja atakwenda kuangalia huo mti, maana, kama anavyosema, mama huyo huenda amekosea sababu tu.

Siku hizi asubuhi hukaa na kile kiti cha plastiki nikitazama mlango wa nyuki. Nimegundua, au nimedhani nimegundua, kwamba siku za mawingu hutoka wakiwa wamechelewa, isipokuwa wachache fulani ambao hutoka mapema hata kukiwa na baridi, na najiuliza hao ni akina nani na wanafuata nini. Nilimpigia Kendi kumweleza, nikiwa na maelezo tayari, maelezo mazuri kabisa.

“Usielezee kwanza, mzee,” akasema. “Hesabu.”

Basi nahesabu. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, kwa sababu wote wanafanana, na anayetoka sijui kama ndiye yule aliyeingia. Leo nilikuwa nimefika mbali kidogo Gladwell akatokea mlangoni akauliza kama nataka uji. Nikamjibu ndiyo, nikasahau nilipofika, nikaanza tena kwa moja.